Kununua Shamba la Mkono wa Pili Mpapura

Karatasi ya mauziano inayotumika mara nyingi vijijini Mtwara haizidi ukurasa mmoja. Ina jina la muuzaji na la mnunuzi, idadi ya mikorosho, bei kwa tarakimu na kwa maneno, majina ya mashahidi wawili au watatu, alama ya dole gumba kwa asiyejua kuandika, na chini kabisa muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Mnunuzi huikunja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akarudi Mtwara mjini au Dar es Salaam akiamini kwamba kazi imekwisha. Hoja yangu ni kwamba karatasi hiyo, hata ikiandikwa na mwenye mwandiko mzuri mbele ya mashahidi kumi, inathibitisha jambo moja tu: fedha zimetoka kwa huyu kwenda kwa yule. Haisemi kama muuzaji alikuwa na kitu cha kuuza, wala haimwingizi mnunuzi mahali popote panapotambuliwa na sheria. Usalama wa anayenunua shamba la mkono wa pili, katika kata ya Mpapura au kijiji chochote cha Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, uko kwenye daftari la anayesimamia haki ya ardhi. Malipo makubwa yanapaswa kulifuata daftari hilo, yasilitangulie.

Tuanze na kinachouzwa. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 1, 2001, zinampa mtu haki ya kuikalia ardhi na kuitumia. Katika kata za vijijini kama Mpapura, mashamba kwa kawaida yako kwenye ardhi ya kijiji. Msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na hiyo nayo haigawi ardhi bila ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kwa hiyo anayeuza shamba lake anahamisha haki aliyopewa na kijiji, au aliyoirithi kwa mila na kijiji kikaitambua. Aliyeitoa haki hiyo bado yupo, ana ofisi, na ana sauti juu ya nani aipokee baadaye. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinataka Halmashauri ya Kijiji ipewe taarifa ya uhamisho kabla haujafanyika, na mnunuzi asiye mwanakijiji ahojiwe uhusiano wake na kijiji: anaishi hapo, anafanya kazi hapo, au anakuja kufanya nini? Raia wa nchi nyingine hana nafasi kabisa katika mauziano ya aina hii, kwa kuwa sheria inamruhusu kutumia ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, tena kwa utaratibu wake maalumu.

Huko Marekani tatizo hili lina sura nyingine, na kulitazama kunasaidia kuona la kwetu. Kampuni za hoteli huuza pointi zinazompa mtu haki ya kukaa hotelini siku kadhaa kila mwaka. Aliyezichoka huziuza kwa mwingine, mara nyingi kwa bei ya chini sana, wakati mwingine kwa dola moja tu, maana kila mwaka zinadaiwa ada ya matunzo, ukae hotelini usikae. Mnunuzi wa mkono wa pili asipokuwa makini hugundua akiwa ameshalipa kwamba ada za nyuma zinadaiwa, kwamba pointi za mwaka huu muuzaji amekwisha kuzitumia, na kwamba kampuni haimpi yeye yote iliyompa mnunuzi wa kwanza. Disney Vacation Club ina haki ya kuununua yenyewe mkataba unaouzwa kabla ya mgeni, na aliyenunua pointi za hoteli zake za zamani kutoka kwa mtu binafsi kuanzia Januari 19, 2019 hawezi kuzitumia katika hoteli yake ya Riviera. Kinachomwokoa mnunuzi wa huko ni barua ya kampuni yenyewe inayotaja pointi zilizobaki na madeni yaliyopo, na fedha yake kukaa kwa mtu wa tatu mpaka jina libadilishwe. Mkataba uliosainiwa na muuzaji peke yake hautoshi. Badala ya kampuni weka Halmashauri ya Kijiji, badala ya ada weka gharama za palizi na za salfa ya kupulizia mikorosho, na badala ya pointi zilizokwisha kutumika weka misimu ya korosho iliyowekwa rehani, nawe utakuwa umelielewa soko la mashamba la Mtwara kuliko madalali wengi.

Mahakama zetu zimelisema hili mapema. Katika shauri lililoripotiwa mwaka 1985, kabla hata ya sheria za 1999 kutungwa, Mahakama ya Rufani iliyakataa mauziano ya ardhi ya kijiji yaliyofanywa bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ikarudia kanuni ya zamani kuliko sheria zote hizi, kwamba asiye na haki juu ya ardhi hawezi kumpa mwingine haki hiyo. Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja, mnunuzi anakabiliwa na maswali mawili yasiyojibiwa na karatasi ya mauziano: muuzaji alikuwa na haki gani, na kijiji kiliridhia ihamishwe? Nia njema ya mnunuzi na bei halali aliyolipa hazijibu hata moja kati ya hayo.

Uzito wa maswali haya Mtwara ulionekana wakati wa vuguvugu la gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, lakini ni ugunduzi wa bahari kuu ulioanza mwaka 2010 ndio ulioleta wanunuzi kutoka mbali, kila mmoja akitaka kuwahi. Yakaja machafuko ya Januari na Mei 2013 ya kupinga bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, bomba hilo likazinduliwa Oktoba 2015, na kiwanda cha saruji cha Dangote kikaanza. Mradi mkubwa wa kusindika gesi uliopangwa Likong'o, Lindi, ukazidi kusogezwa mbele, na pilikapilika za viwanja zikapoa. Shamba lililonunuliwa katika haraka ile, na mtu aliyefika mara moja akaonyeshwa mipaka kwa kidole, liko katika hatari ambayo wengi hawaijui. Madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Kama mnunuzi wa mwaka 2012 hakuwahi kulikalia shamba lake wala kuliandikisha, na mtu mwingine akawa analilima waziwazi tangu wakati huo, kufikia mwaka 2024 mnunuzi huyo anaweza kuwa amepoteza hata njia ya kwenda kudai. Sasa makaa ya mawe yanapita bandari ya Mtwara na bandari ya Kisiwa Mgao inajengwa, na madalali wamepata hadithi mpya ya kuwasimulia wanunuzi wapya.

Ununuzi salama wa shamba la korosho unaanza shambani, na wakati mzuri wa kwenda ni kati ya Juni na Septemba. Huo ndio msimu wa mikorosho kutoa maua na wa ugonjwa wa ubwiriunga, na bila salfa au dawa nyingine maua hunyauka na mavuno hupotea. Ukifika usiulize kwanza mwenye shamba ni nani. Uliza nani anapulizia. Palizi, kupogolea na kupulizia ni gharama za kila mwaka, na mtu hazibebi bila kutarajia kuvuna. Kama anayepulizia si anayeuza, kuna haki ya mtu mwingine ndani ya shamba hilo. Kusini mkulima aliyebanwa na ada ya shule au msiba huweza kuiweka mikorosho yake rehani, mkopeshaji akavuna msimu mmoja, miwili au zaidi mpaka deni liishe. Makubaliano hayo mara nyingi hayana karatasi, na dalali hana sababu ya kuyataja. Anayelipa bei kamili ya shamba ambalo misimu yake mitatu ijayo ni ya mtu mwingine amelipia mikorosho na akapata kivuli chake. Katika ziara hiyo hiyo hesabu miti yote, inayozaa na iliyozeeka, kisha zunguka mpaka pamoja na majirani wa pande zote nne, kila mmoja asimame kwenye kona yake na aseme mpaka wake unaishia wapi. Jirani ambaye hakuitwa siku hiyo ndiye atakayekuwa mdaiwa au mdai baadaye.

Kutoka shambani, nenda kwa familia. Wamakonde ni watu ambao kwa mila walihesabu ukoo kwa upande wa mama, Uislamu nao una taratibu zake za mirathi, na sheria za nchi zinasimama pembeni ya yote hayo. Shamba moja laweza kuwa na watu wanaoliita lao kwa sababu tatu tofauti, na wote wakawa wakweli. Muuzaji akisema shamba alirithi kwa marehemu baba au mjomba, swali ni kama yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama; katika Mahakama ya Mwanzo uteuzi huo huandikwa kwenye Fomu Na. 4, na asiye na fomu hiyo anauza kilicho cha wengi. Muuzaji mwenye mke au mume aje naye. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inatambua kwamba aliyetia jasho katika kulitunza shamba la mwenzi wake amejipatia maslahi ndani yake. Mke aliyepalilia mikorosho kwa miaka 20 ana neno la kusema. Kama saini yake haipo, kuna pengo ambalo wakili yeyote wa upande wa pili ataliona.

Hapo ndipo ofisi ya kijiji inapofikiwa, na kosa linalorudiwa ni kuridhika na muhuri. Mwenyekiti wa kijiji ni mjumbe mmoja wa Halmashauri ya Kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji naye ni mjumbe tu. Kinachotakiwa ni kikao. Ushahidi wa kikao ni muhtasari wenye tarehe, ajenda inayotaja shamba hilo kwa mipaka yake, uamuzi ulioandikwa, na orodha ya mahudhurio yenye saini za wajumbe. Mnunuzi aombe nakala, kisha azungumze na wajumbe wawili walio kwenye orodha ile bila mtendaji wa kijiji kuwepo. Kama kikao kilifanyika watakikumbuka. Ikiwa shamba lina hati ya hakimiliki ya kimila, hali ni bora zaidi, kwa sababu hati hiyo huwa na nakala ya mwenye shamba, ya masjala ya kijiji na ya ofisi ya ardhi ya wilaya. Nakala ya muuzaji isipokubaliana na ile ya wilaya, kwa jina, kwa ukubwa au kwa mipaka, mazungumzo ya bei yasimame hapo. Na hati hiyo ikiwa imewekwa dhamana benki, daftari ndilo litakalosema, kwa kuwa muuzaji ana kila sababu ya kunyamaza.

Fedha ndiyo ije mwisho. Malipo ya awali yawe madogo, yapite benki au kwenye simu ya muuzaji mwenyewe ili yaache alama, na maandishi yaseme kwamba yatarudishwa kijiji kikikataa. Salio likae kwa wakili au benki, litolewe siku ambayo daftari linaonyesha jina jipya. Ile asilimia 10 ya bei ambayo viongozi wa baadhi ya vijiji na mitaa wamezoea kuidai kutoka kwenye mauziano haina msingi wa kisheria, na kuilipa hakununui idhini. Baada ya hapo bado kuna daftari moja ambalo watu wa mjini hulisahau. Korosho ya Mtwara inauzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na stakabadhi ghalani, na pembejeo za ruzuku hugawiwa kwa wakulima waliosajiliwa. Shamba likibaki kwa jina la muuzaji kwenye chama, salfa itatolewa kwa jina lake. Mwishoni mwa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walifanyiwa uhakiki wa mashamba kabla ya kulipwa, lengo likiwa kuwabaini wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima kinyume cha utaratibu. Mwenye korosho mkononi alitakiwa kuonyesha mikorosho ilipo. Huo ndio wakati ambao makubaliano ya mdomo huanguka, hata yakiwa ya haki.

Kwa viwanja vilivyopimwa mjini njia ni fupi zaidi: upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, kuhakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa, fomu za uhamisho, kodi za serikali, na zuio kwenye daftari mara tu malipo ya awali yanapotolewa. Kwenye ufukwe ongeza tahadhari mbili. Maeneo mengi kuelekea maingilio ya mto Ruvuma yamo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye masharti yake ya matumizi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Kiwanja cha “hatua kumi hadi majini” ni kiwanja ambacho huwezi kujenga juu yake.

Watasema wengi kwamba utaratibu huu ni mrefu na shamba zuri halisubiri. Lakini Halmashauri ya Kijiji hukutana kila mwezi kwa mujibu wa sheria, na Mkutano Mkuu kila baada ya miezi mitatu. Anayenunua haki ya kudumu vizazi viwili anaweza kungoja kikao kimoja, na muuzaji asiyeweza kungoja mwezi anaeleza jambo kuhusu haki yake. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: majirani wote wamenunua kwa muhuri wa mwenyekiti na wanaishi kwa amani. Ni kweli, na amani hiyo ni ya thamani. Inategemea hata hivyo mambo mawili, kwamba muuzaji yu hai na anakiri, na kwamba ardhi haijapanda bei. Muuzaji akifariki, au mthamini wa fidia akifika na fomu zake, wanaojitokeza ni warithi ambao hawakusaini chochote, na hakuna wa kuwalaumu kwa kudai. Lipo pingamizi la tatu ambalo siwezi kulipuuza, kwamba ofisi ya kijiji yenyewe inaweza kununuliwa. Inaweza. Hii ndiyo sababu nasisitiza muhtasari wenye saini nyingi na nakala ya wilaya. Kumhonga mtu mmoja ni rahisi, lakini kuyalinganisha kwa uongo madaftari ya ofisi mbili, mbele ya wajumbe wasiopungua 15 na majirani wanne, kunahitaji watu wengi wanyamaze kwa pamoja. Walio na uwezo hutaja wakili kana kwamba mkataba wake unatosha. Wakili mzuri ni msaada mkubwa, hasa wa kushika fedha, ila mkataba alioutunga bila kwenda kijijini una udhaifu uleule wa karatasi ya ukurasa mmoja.

Kuna anayepoteza zaidi katika mauziano ya haraka kuliko mnunuzi, naye ni mwanakijiji anayeuza kwa shida bila familia kujua, kwa bei ambayo kikao cha wazi kingeihoji. Kwa sababu hiyo ombi langu ni kwa Halmashauri za Vijiji za Mpapura na jirani zake. Kila ombi la kuuza shamba libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na kwenye mlango wa chama cha msingi kabla ya kikao, likiwa na jina la muuzaji, mahali shamba lilipo, idadi ya mikorosho, na nani atavuna msimu huu. Karatasi moja na pini nne zinatosha kuwapa ndugu, wakopeshaji na majirani nafasi ya kusema mapema. Na kwa anayenunua: usitoe salio kabla hujaliona jina lako kwenye daftari la kijiji kwa macho yako mwenyewe.